Deraya inaposhika kutu, inapopasuka na inapokwama: utatuzi wa matatizo kwa karakana za Uganda

Kazi za deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, zimeongezeka. Makanisa yanataka dirii, chapeo na ngao za igizo la Waefeso sura ya 6, shule zinataka askari wa mfalme, na wapiga video za muziki wanataka shujaa aliyefunikwa chuma toka utosini hadi unyayoni. (Mtume Paulo alikuwa na askari wa Kirumi kichwani, lakini mwonyeshe mteja picha ya Mrumi, atakurudisha kwenye picha ya Mzungu wa karne ya 15. Mpe anachotaka.)

Mafundi wa Katwe na Kisenyi, Kampala, wanakunja chuma kila siku: masufuria, milango, mashine za kusaga mahindi. Mkono wanao. Malalamiko mengi yanayorudi kuhusu deraya yanaanzia kwingine: chuma kilitoka wapi kabla ya kufika kwenye fuawe, na kinalala wapi kikishatoka. Kwa hiyo tunaanza na stoo.

Yote yaliyo hapa ni ya maonyesho. Deraya ya namna hii haizuii risasi, na anayetaka ya kupigana kweli kweli, hata kwa panga butu, atafute fundi anayejua kazi hiyo.

Kutu inarudi siku chache baada ya kusafisha

Kabla hujashika msasa, tazama kutu imekaa wapi na ina umbo gani. Umbo lake ndilo litakalokwambia chanzo.

Madoa manne yaliyopangana upande mmoja na moja upande wa pili ni mkono wa mtu aliyekibeba. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Jasho lina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua kali. Kagua pia ndani ya kola, kwapani na utosini mwa chapeo. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke, kisha paka mafuta mepesi ya mashine. Vitu vilivyorudi kutoka kukodishwa Jumapili vifutwe Jumapili hiyo hiyo. Ukisubiri Jumatatu mchana, alama zimeshajiandika.

Kutu iliyosambaa sawasawa juu ya kifaa kilichofungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ni kosa la kaveera yenyewe. Inazuia maji yasiingie, ni kweli, lakini unyevu ulioingia pamoja na kifaa nao hautoki. Fungua alfajiri, tazama upande wa ndani. Ukiona matone, umepata jibu. Tumia shuka kuukuu la pamba lililo kavu. Kama lazima uweke kwenye kasha lisilopitisha hewa, weka silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) ya kutosha. Vile vijifuko vinavyokuja ndani ya viatu vipya havitoshi kasha zima.

Madoa madogo ya mviringo mabegani na utosini tu, huku kifua kikiwa safi, yanatoka juu. Bati la paa hupoa usiku, mvuke wa ndani ya stoo hugeuka maji upande wake wa chini, na karibu na mapambazuko maji yanaanza kudondoka. Mtu anakagua paa, haoni tundu, anashangaa. Tatizo hili huzidi misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ukiweza piga dari. Ukishindwa, tundika turubai juu ya rafu kwa mteremko, maji yaende pembeni, na uache nafasi ya hewa kupita.

Kutu iliyoanzia chini, kwenye vikinga miguu na kingo za ngao zilizosimamishwa ukutani, ni ya sakafu. Bandika kipande cha kaveera juu ya saruji kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache usiku kucha. Matone yakijikusanya chini yake, sakafu inapandisha maji. Inua rafu hadi magotini na uziachanishe na ukuta kwa upana wa kiganja.

Kuna hali moja inayowachanganya watu: kila kitu stooni kinashika kutu kwa pamoja, deraya, koleo, keekee, hata misumari iliyo kwenye kopo, na kutu yenyewe ni kama unga. Tafuta chupa ya asidi. Asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia bati kabla ya kulehemu kwa risasi, hutoa mvuke hata chupa ikiwa imefungwa. Betri ya gari inayochajiwa chumbani humo nayo ina mchango wake. Asidi isipoondoka, mafuta unayopaka ni bure. Ihamishie pahali penye hewa, mbali na watoto na mbali na chuma.

Na wapo wanaowasha sigiri ya mkaa ndani ili kukausha stoo. Usifanye hivyo. Mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na inaua. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikija, toka nje wewe na wenzako, kisha nendeni hospitali. Hakuna kusubiri kipungue.

Kuhusu kusafisha kwenyewe: msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, kila hatua ukivuka mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Kutu iliyojificha kwenye vishimo hailainiki kwa msasa. Loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi, kisha kausha kwa joto papo hapo. Ukiacha kifaa kilichotoka kwenye siki kijikaushe chenyewe, kitakuwa cha rangi ya chungwa kabla hujamaliza chai.

Dirii ya pete, yaani vazi lililofumwa kwa pete za chuma, usiisugue pete kwa pete. Ulaya ya zama za kati waliiviringisha ndani ya pipa lenye mchanga, na njia hiyo haijapitwa na wakati. Ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza inatosha: mchanga wa kujengea uliochekechwa na kukaushwa, dirii ndani, iviringishwe uani. Malizia kwa unga wa mbao uliotiwa mafuta kidogo.

Paka nini baadaye? Mafuta ya kupikia, hapana: yanaganda, yananata, yanakusanya vumbi. Oili chakavu ya injini, hapana: ni chafu na inaharibu ngozi ya mvaaji. Kwa kifaa kinachotumika kila wiki, mafuta mepesi ya mashine. Kwa kinachokaa miezi, nta ya nyuki, ambayo Uganda hatuikosi. Anika bamba kwenye jua la saa saba mpaka likichome kidogo ukiligusa, pitisha nta ikilainika, kisha ng'arisha kwa kitambaa. Nta ikiyeyushwa chomboni, chombo kikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe.

Halafu si lazima kila kitu king'ae. Ulaya nako kulikuwa na deraya zilizoachwa nyeusi zilivyotoka kwenye nyundo, au zilizopakwa rangi, kwa sababu kung'arisha kulikuwa kazi ya mtumishi na si kila askari alikuwa na mtumishi. Kwa mteja wa shule isiyo na mtu wa kufuta, mshauri achukue nyeusi. Pasha bamba nje mpaka rangi yake igeuke kuelekea bluu, liondoe motoni, kisha pitisha mafuta ya kitani kwa kitambaa ukiwa na koleo na glavu. Matambara yenye mafuta hayo yaanike yakiwa yametandazwa nje. Yakirundikwa pembeni hujipasha yenyewe mpaka yakawaka.

Acha kusafisha iwapo bamba linabonyea kwa kidole gumba. Hilo limeisha, kata kipande kipya. Acha pia iwapo umeletewa kitu cha kale kweli, mkuki wa babu au ngao ya ukoo, "ukisafishe kidogo". Msasa utafuta kisichorudi. Mwelekeze mwenyewe Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, aulize watu wa uhifadhi.

Bamba linapasuka ukingoni unapoligonga

Pitisha kidole, kwa uangalifu, kwenye ukingo. Mkasi wa bati huacha vijino, na kila kijino ni mlango wa ufa. Piga tupa ukingo wote kabla ya pigo la kwanza la nyundo, usingoje mwisho kwa ajili ya urembo.

Kama ukingo ulikuwa laini na bado umepasuka, chuma kimechoka kwa kugongwa. Dalili unaisikia kabla ya kuiona: mwanzoni nyundo inazama na sauti ni nzito, baadaye sauti inapanda na nyundo inaruka kurudi mkononi. Hapo simama. Pasha mpaka iwe nyekundu, kama nyuzi 700 hivi za Selsiasi, ukiitazama kivulini kwa sababu kwenye jua utaipitiliza bila kujua. Iache ipoe polepole ndani ya majivu. Usizamishe majini, hasa chuma cha kuokota ambacho hujui kina kaboni kiasi gani, kwani kinaweza kutoka kigumu na chepesi kuvunjika.

Sababu ya tatu ni unene. Bati la paa la geji 28 au 30 (geji ni namba ya unene: ikiwa kubwa, bati ni jembamba) halifiki nusu milimita, na haliwezi kukunjwa likawa kifua. Boneti ya gari nayo ni nyembamba, inafaa mapambo tu. Deraya ya maonyesho inataka geji 18, takriban milimita 1.2, mikononi na miguuni, na geji 16, takriban milimita 1.5, kwa chapeo. Ukiuziwa shiti usiridhike na kalamu ya muuzaji, lipime. Mita mraba moja ya chuma yenye unene wa milimita moja ina kilo 7.85. Shiti zima la futi 4 kwa 8 lenye milimita 1.5 linakaribia kilo 35. Mizani ikisoma 28, umeuziwa milimita 1.2 kwa bei ya geji 16.

Ufa ulioingia urekebishe hivi: toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia ili usiendelee, chomelea, piga tupa. Nyufa tatu kwenye bamba moja, litupe.

Onyo la mapipa. Wengi hukata pipa la lita 200 kwa sababu unene wake unakaribia unaotakiwa. Pipa lililokuwa na petroli, dizeli au tina (ya kuyeyushia rangi) hubaki na mvuke, na cheche ya grinda inatosha kulilipua usoni mwako. Kulisuuza na kuliacha wazi siku moja hakuliondolei hatari. Kama hujui lilibeba nini, usiliguse kwa moto wala grinda. Nunua bati lililokwisha kukatwa.

Fundi anatetemeka jioni

Mchana alikuwa mzima, akipasha au kuchomelea bati. Jioni anaona baridi, homa, mwili unauma, mdomoni kuna ladha kama ya sarafu. Nyumbani wanasema ni malaria, na huenda ni malaria kweli. Kapime. Lakini uliza pia: bati lilikuwa na zinki?

Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 na kuchemka kwa nyuzi 907, na moto wa kuchomelea uko juu sana ya hapo. Moshi mweupe na nyuzinyuzi nyeupe zinazoelea hewani ndiyo zinki inayoungua. Anayeuvuta hupata homa saa kadhaa baadaye, na kwa kawaida inapita ndani ya siku moja au mbili. Maziwa ambayo mafundi hupeana hayaiponyi. Kunywa kama una njaa.

Kuitambua zinki ni rahisi: uso wa bati una maua maua ya kijivu, na tone la siki juu yake hutoa vipovu vidogo. Njia bora ni kutoitumia kwa kazi ya moto. Likiwa ndilo pekee ulilonalo, lifanyie kazi baridi tu, kwa kukunja na riveti. Boliti kuukuu zenye mng'ao wa dhahabu ziogope zaidi, kwa kuwa baadhi zimepakwa kadimiamu. Moshi wake huumiza mapafu kiasi cha kuua, na mtu huweza kujisikia vizuri saa za mwanzo.

Pumzi ikibana, kifua kikiuma, au homa ikivuka siku mbili, hospitali, usiku huo huo. Na umwambie daktari ulichokuwa unachoma, hata kama tajiri wako hapendi. Mficha uchi hazai.

Swali lingine linaloulizwa pamoja na hili ni la chembe ya chuma jichoni. Usifikiche na usimruhusu mwenzako aichokonoe kwa njiti ya kiberiti. Funika jicho bila kulibana, nenda kliniki ya macho.

Kiungo kinakwama: goti, kiwiko au vidole havikunjiki

Nusu ya kesi ni riveti iliyogongwa mpaka ikabana. Riveti ya kiungo inatakiwa kushika, isibane. Unapogonga, weka kipande cha boksi kati ya mabamba mawili, kisha ukichomoe. Nafasi inayobaki ndiyo mwendo wa kiungo. Kama tayari umegonga, shika bamba na ulichezeshe mbele na nyuma ukiwa na tone la mafuta. Mara nyingi linaachia. Lisipoachia, toboa kichwa cha riveti na uanze upya.

Kikikwama katikati ya mwendo tu, tatizo ni tundu. Matundu ya kushoto na kulia hayakabiliani, kwa hiyo kila upande unazunguka kwenye mhimili wake. Pima kwa kamba toka ukingo mmoja. Kikikwama mwishoni, mabamba yanagongana: punguza ukingo wa ndani kwa tupa, kidogo kidogo. Sababu iliyo nadra ni mviringo usiolingana, bamba la juu limekunjwa zaidi ya la chini, na hapo hakuna ila kurudi kwenye fuawe.

Haya yote yanaepukika ukitengeneza goti la karatasi ngumu kwanza, kisha ukiunga chuma kwa boliti ndogo, ukalivaa, ukachuchumaa, na riveti zikaja mwisho. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii na kuilipia mara mbili.

Kama viungo vinakushinda kabisa, mpe mteja deraya ya vibamba. Kwenye makaburi ya pamoja ya vita vya Visby, Uswidi, vya mwaka 1361, wachimbaji walikuta makoti ya aina hiyo: vibamba vidogo vilivyofungwa kwa riveti kwenye vazi. Vinatoka kwenye mabaki ya shiti, na fundi wa milango anayatengeneza bila kujifunza upya.

Pete za dirii zinaachia

Gawa kipenyo cha ndani cha pete kwa unene wa waya. Pete ya milimita 8 kwa waya wa milimita 1.6 inakupa 5, inatosha. Ikivuka 6, pete ni kubwa kwa waya huo na itafunguka kwa uzito wake yenyewe. Kagua pia ncha: zikutane uso kwa uso bila mwanya wa kupenya ukucha. Waya wa kufungia nondo ni laini mno, uache kwa wajenzi.

Ngozi ina kuvu, au ina ute wa kijani kuzunguka riveti

Kuvu ni unyevu na giza. Toa mikanda nje, isugue kwa brashi kavu ukiwa umeziba pua, iache kivulini penye upepo. Jua kali litaikausha ikakatike. Ute wa kijani ni shaba ya riveti inayoshindana na mafuta ya ngozi: kwangua kwa kijiti, futa, na siku za mbele usipake mafuta mengi karibu na riveti. Chuma na ngozi visihifadhiwe vikiwa vimekumbatiana. Vua mikanda inayoweza kuvuliwa.

Mvaaji anazidiwa jukwaani

Deraya kamili ya vita ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 na ilipimwa kwa mwili wa mwenyewe. Yako itavaliwa na mwanafunzi ambaye hukumpima, saa nane mchana, karibu na Ikweta. Mzigo ukimwelemea mabegani, mkanda wa kiunoni haujakazwa, na sehemu ya uzito inapaswa kukaa nyongani. Chapeo ikicheza, ongeza pamba, si godoro la povu ambalo hushika joto na jasho.

Anayelalamika kiu na uchovu, mvue, mpe maji, mkalishe kivulini. Anayeongea vitu visivyoeleweka, anayeyumba au aliyezimia huku mwili ukiwa wa moto, ameshikwa na joto kali: mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwitie gari la hospitali wakati huo huo. Usimnyweshe chochote kama hajitambui. Msaidizi wa jukwaa awe na kisu kikali mfukoni. Bizimu ikigoma, akate mkanda. Mkanda mpya ni kazi ya nusu saa.